Safari ya Aendaye kwa Magurudumu

Katika nyumba nyingi za hapa Bukundi yumo mtu ambaye, wenzake wakiondoka kwenda safari, yeye huambiwa abaki alinde nyumba. Hatumwambii kwa ubaya. Twaona miguu yake haimbebi, twadhani na macho yake hayana hamu ya kuona. Mwaka jana, mwezi wa Julai, tulipokuwa tukishauriana habari ya kwenda Serengeti, mama mmoja aliyepooza miguu tangu utoto alitukatiza maneno akasema, “Wanangu, nami nitabaki na kuku tena?” Tukaona haya. Mmoja wetu akajibu, “La, Mayu, mara hii utakaa mbele yetu.”

Yeye hasa alitamani maporomoko ya maji. Huku kwetu hayapo. Nchi ni tambarare, na mito yetu mingi hukauka wakati wa kiangazi. Tukauliza habari za mbali. Ya Sanje, katika milima ya Udzungwa, yaanguka kadiri ya mita 170, lakini huyafikii ila kwa kupanda njia ya msituni. Ya Kalambo, mpakani mwa Zambia, yapita mita 200, nayo yataka magoti yenye nguvu. Mepesi zaidi ni yale ya Nyahururu katika nchi ya Kenya: mto Ewaso Narok waanguka mita 74 hivi, na mahali pa kutazamia pa juu ni karibu na barabara, ngazi ni za hao watakao kushuka mpaka chini. Na huko Mosi-oa-Tunya, upande wa Zimbabwe, njia ya watazamaji imesakafiwa, na sehemu yake kubwa haina mwinuko, hata mwenye kiti cha magurudumu aweza kusukumwa mpaka manyunyu yamloweshe uso.

Lakini huko kote ni mbali, na fedha yetu ilikuwa chache. Basi tukashika njia ya Mwanhuzi, Bariadi na Lamadi, tukaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka.

Hapo tuliona jambo ambalo hatukulifikiri kwanza. Katika hifadhi hiyo, iliyowekwa mwaka 1951 na yenye kilomita za mraba 14,763, kila mgeni hukaa ndani ya gari, wala haruhusiwi kushuka ila mahali palipotengwa. Tajiri wa Ulaya na mkulima wa pamba wa Meatu huketi sawasawa. Siku ile Mayu hakupungukiwa na kitu tulichokuwa nacho sisi. Tena ndiye aliyewaona tembo kwanza, maana amezoea kukaa kimya na kutazama, na sisi tulikuwa tukibishana habari ya chakula.

Kwa wenye nia ya kumchukua mtu wao, twawaeleza tuliyojifunza. Enendeni kiangazi, kwa kuwa udongo mweusi wa upande ule huteleza sana wakati wa mvua. Mpeni kiti cha mbele karibu na dereva. Kumpandisha, watu wawili washikane mikono wamfanyie kiti, tena mwulizeni yeye mwenyewe ashikwe wapi. Sisi tulimshika vibaya mara ya kwanza, akatukemea. Mwekeeni mto laini, na kila baada ya muda mfupi mumwinue kidogo, maana asiyesikia maumivu ya miguu na matako aweza kupata kidonda kibaya bila kujua. Msisahau pampu na viraka, kwa ajili ya miiba ya migunga.

Na choo! Njiani tulikuta kimoja kipya, kizuri, chenye ngazi tatu na mlango mwembamba kuliko kiti chenyewe. Ilitupasa kumbeba Mayu mbele ya watu, naye alinyamaza mpaka jioni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yataka majengo ya watu wote yafikike nao pia. Fundi wa choo kile angaliweza kuijenga njia ya mteremko kwa mifuko michache ya saruji.

Tulirudi usiku wa siku ya pili. Tangu hapo Mayu hutuuliza nauli ya kwenda Nyahururu kwa njia ya Sirari ni kiasi gani, na hati ya kuvukia mpaka hupatikana wapi. Kuku wake wawili amekwisha kuwauza.