Mwana na Nduguze

Mtoto wa Tandala, huko Makete mkoani Njombe, akitaka kulisoma jina la kwao hulikata hivi: ta-nda-la. Asiseme "tan-da-la", kwani silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanafunzi: mwa-na-fu-nzi.

Neno hilo lina ndugu wengi waliozaliwa na neno mwana: mwanachama, mwanajeshi, mwanasheria, mwanakondoo, hata mwanasesere wa kuchezea. Lakini si kila mwana hapa ni mtoto. Mwanakondoo ni mtoto wa kondoo kweli. Mwanachama ni mtu wa chama, hata awe mzee mwenye mvi.

Sikiliza mkazo. Katika mwana, sauti hupanda kwenye mwa. Katika mwanachama huhamia cha, silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno mawili yamekwisha kuwa moja. Ndiyo maana ni kosa kuandika "mwana chama". Katika wingi twasema wanachama, mwanzo tu ukibadilika. Lakini mwanamke hubadilika pande zote mbili, akawa wanawake.

Mzazi, mwanao akikwama katika neno refu, usimcheke. Mtoto aliyechekwa nyumbani hunyamaza darasani, na mwalimu humdhania mjinga. Keti naye jioni baada ya kazi, mpige makofi pamoja, kofi moja kwa kila silabi, kisha alisome neno zima mwenyewe.