Kinywe cha Ruangwa, nikeli ya Nachingwea na safari ya kuelekea kwenye betri

RUANGWA na Nachingwea, wilaya jirani za mkoa wa Lindi zinazojulikana kwa korosho na ufuta, zina madini yanayohitajika katika ncha zote mbili za betri za lithiamu zinazoendesha magari ya umeme.

Ncha hasi ya betri hizo hutengenezwa kwa kinywe, ambacho ni kaboni iliyojipanga tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Madini hayo yamegunduliwa Ruangwa, yakiwemo maeneo ya Chilalo, Nachu na mradi wa Lindi Jumbo. Ncha chanya ya betri nyingi za magari huwa na nikeli, iliyogunduliwa katika kilima cha Ntaka, Nachingwea.

Betri inapochajiwa, chembe za lithiamu hutoka ncha chanya na kujipenyeza kati ya tabaka za kinywe. Inapotumika, chembe hizo hurejea zilikotoka. Uwezo wa lithiamu kuingia na kutoka ndani ya kinywe ulionyeshwa mwaka 1980 na mwanasayansi mzaliwa wa Morocco, Rachid Yazami.

Hata hivyo, kinywe kina kikomo: atomi sita za kaboni hubeba atomi moja tu ya lithiamu. Silikoni hubeba nyingi zaidi, lakini huvimba zaidi ya mara tatu na kupasuka. Ndiyo maana watafiti huichanganya na mirija ya kaboni yenye unene unaopimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita. Mirija hiyo huishikilia silikoni isisambaratike, na hupitisha umeme.

Kinywe cha mgodini hakiingii kwenye betri moja kwa moja. Baada ya kutenganishwa na mwamba huwa na usafi wa takriban asilimia 95, wakati viwanda vya betri huhitaji zaidi ya asilimia 99.9, tena kikiwa punje za mviringo. Kazi hiyo hufanyika zaidi China, ambayo Desemba 2023 ilianza kudhibiti mauzo yake nje ya nchi.

Sheria ya mwaka 2017 inaipa Serikali ya Tanzania hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji, na mkataba wa Chilalo ulitiwa saini Dodoma Aprili 2023. Lakini thamani ya hisa hufuata thamani ya kinachouzwa. Kinywe kikisafirishwa kabla ya usafishaji wa mwisho, ajira na faida ya hatua hiyo huenda kwingine.