Shahada ya Mtungi Mkongwe

Neno makala, ambalo kwa msomaji wa pwani ni andiko kama hili, kwetu Lubumbashi ni kile ambacho yeye hukiita mkaa. Na kwa kuwa makala hayo yamekula miombo iliyouzunguka mji huu, hata gunia la leo likawa linatoka mbali kuliko gunia la jana, haishangazi kuona madereva wa malori na wachuuzi wa samaki, ambao hulala njiani baina ya Lubumbashi na Kilwa, wakiiacha mbabula, jiko la makala, nyumbani na kusafiri na mtungi wa gesi. Kilwa niisemayo siyo ile ya masultani, yenye msikiti mkongwe kando ya Bahari ya Hindi. Ni mji mdogo wa wilaya ya Pweto, ukingoni mwa ziwa Mweru, ambao hutazamana na kisiwa chenye jina lilo hilo upande wa Zambia.

Kiangazi kimoja kijana wa safari hizo alinijia karakanani amebeba begani mtungi wa rangi ya samawati, unang'aa kama uliopambwa kwa arusi.

"Jambo, papa," akasema. "Nitafutie mahali pa kuujaza huu. Nimeununua sokoni, ni mpya kabisa."

Niliulaza ubavuni, nikapitisha kidole ndani ya kitako, mahali ambapo maji ya mvua na ya kufagilia hutuama na mwenye mtungi hapatazami kamwe. Rangi ilibanduka kama ganda la kitunguu, na ncha ya kidole ikatoka nyekundu kwa kutu.

"Kilicho kipya hapa, mwanangu," nikamwambia, "ni rangi."

Mtungi wa gesi una shahada yake, nayo hupigwa kwa muhuri wa chuma kwenye kola, au kwenye kibati kilichochomelewa karibu na shingo. Hapo msomaji atakuta mwaka wa kutengenezwa, uzito wa mtungi ukiwa mtupu, ujazo wake kwa lita za maji, shinikizo uliopimwa nalo, ambalo aghalabu ni bari 30, na tarehe ya kila ukaguzi uliofuata. Mtungi wa kijana wetu ulikuwa na mwaka wa kuzaliwa, uliopita zamani sana, wala haukuwa na tarehe nyingine yoyote. Huko Marekani, ambako watu wengi husafiri na magari yenye kitanda na jiko ndani yake, mtungi wa namna hii hupewa miaka 12 tangu kutengenezwa, na baada ya hapo hakuna mjazaji halali atakayeugusa mpaka ukaguliwe upya. Ukikaguliwa kwa macho peke yake hupewa miaka 5 mingine, na herufi E hupigwa kando ya tarehe iwe ithibati. Nchi nyingi nyingine zimeweka miaka 10, au 15. Hesabu zinatofautiana, walakini maana ni moja: mtungi hauaminiwi kwa sura yake, huaminiwa kwa tarehe yake.

Sababu ya hadhari hiyo imo ndani ya mtungi wenyewe. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani, ndugu yake ambaye mara nyingi huchanganywa naye, huchemka karibu na sifuri yenyewe. Kwa hiyo kinachozifanya ziwe maji ndani ya chuma ni kufungwa tu. Katika joto la nyuzi 20 propani husukuma kuta za mtungi kwa bari 8 hivi, na mtungi ukiachwa juani hata ukafika nyuzi 40, msukumo huo hukaribia 13. Kinachoyazuia hayo yote ni bati la chuma lenye unene wa milimita chache tu, na kutu, ambayo kwenye sufuria ni aibu ya mpishi, hapa humega katika milimita hizo hizo chache.

Ndiyo maana ukaguzi wa kweli huanza kwa kuutoa mtungi gesi yote na kuufungua vali, ili fundi amulike ndani na nje, akitafuta kutu iliyochimba vishimo, bonde lililobonyea, mshono uliopasuka, au alama za kuunguzwa na moto, ambazo peke yake zatosha kuukataa. Kisha hujazwa maji na kusukumwa mpaka shinikizo lililoandikwa kwenye shahada. Hutumiwa maji, wala si hewa, kwa kuwa maji hayashindiliki: mtungi dhaifu ukipasuka na maji hutoa mlio na kulowesha sakafu, ilhali ukipasuka na hewa hurusha vipande vya chuma kama kombora. Uliofaulu hukaushwa, hutiwa vali mpya, hupimwa uzito, kwani uliopungua sana umeliwa na kutu, na mwisho hupigwa muhuri wa tarehe. Rangi huja nyuma ya hayo yote. Anayeitanguliza ana jambo la kuficha.

Mtungi uliothibitishwa waweza bado kuuawa na mjazaji asiye na mizani. Gesi iliyo maji hutanuka kwa joto kupita maji ya kisimani mara nyingi, na kwa ajili hiyo propani haijazwi zaidi ya asilimia 80 ya ujazo. Mtungi wa lita 26.2, mathalan, hupokea kilo 11 tu za propani. Wale wanaopindua mtungi mkubwa juu ya mdogo na kuunganisha mpira, kwa kukadiria kwa masikio, hawana njia ya kujua mahali pa kukomea, na mtungi uliojaa pomoni alfajiri yenye baridi ya Julai huwa hauna pa kutanukia jua la adhuhuri likiupata. Biashara ya gesi isiyo na kibali imekwisha kutoa somo chungu: usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, lori la gesi liliripuka mahali ambapo mamlaka ya nishati ya Kenya ilikuwa imekataa kutoa idhini, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa.

Liko jambo la tatu ambalo wengi hawalijui. Propani haina harufu. Ile tunayoinusa hutiwa kwa makusudi, desturi iliyotiliwa mkazo baada ya shule ya New London, Texas, kuripuka mwezi Machi 1937 kwa gesi isiyonuka na kuua karibu watu 300, wengi wao watoto. Mtungi mkongwe uliokaa na vali wazi huingiwa na hewa na unyevu, ukuta wa ndani hushika kutu, na kutu hiyo huinyonya harufu. Basi mwenye mtungi wa namna hii asiiamini pua yake pekee. Apake povu la sabuni kwenye vali na kwenye kila kiungo, na asitumie kiberiti kamwe kutafuta mahali panapovuja.

Kwa msafiri yabaki machache: auchukue mtungi umesimama na umefungwa kwa kamba, nje, mahali penye upepo, kwani gesi hii ni nzito kuliko hewa, nayo ikivuja ndani ya lori hutuama miguuni mwa aliyelala. Aufunge vali gari likiwa mwendoni. Na anaponunua wa mtumba, aisome kola kabla ya kuuliza bei.

Kijana alirudi baada ya safari mbili. Mtungi wake ulikuwa umekataliwa, vishimo vya kitako vikiwa vimezama kupita kiasi. Fundi aliutoa gesi, akaujaza maji, akaukata katikati. Nusu ya chini, iliyotobolewa matundu, kijana alikuwa ameichukua pamoja na mzigo wake, na mtungi mdogo wenye tarehe mpya ulikuwa umefungwa nje ya bodi ya lori.

"Mama yangu ameipenda hiyo mbabula, papa," akasema. "Anatia makala."