Huko Japani mwanamke ndiye anaanza kutoa



Mwezi huu vijana wanaulizana swali moja: "Tarehe 14 utanipa nini?" Hata humu kambini, ambako kupata sabuni ni shida, utamkuta kijana anauza maharage ya nyumbani ili amnunulie msichana uniti za simu. Wazazi wengi siku hiyo hawaitaki kabisa, wanasema Valentine ni mambo ya Wazungu. Sawa. Lakini leo niwaletee habari ya watu wasio Wazungu, ambao waliipokea wakaigeuza juu chini. Ni Wajapani.

Mengi nimeyapata kwa kaka wa mwalimu mwenzangu. Ni mtoto wa hapa Gisenyi, alienda kusoma kompyuta katika mji wa Kobe, kwa mpango ambao serikali ya Japani ilianza mwaka 2014 wa kulipia vijana wa Afrika masomo. Baada ya shule aliwekwa kwenye ofisi moja ajifunze kazi. Tarehe 14 Februari alifika asubuhi, akakuta juu ya meza yake kipaketi kidogo cha chokoleti chenye utepe. Dada wa meza ya pili ndiye aliyekiweka. "Nilisema leo Mungu amenikumbuka," anatuambia. Mchana hakula vizuri, anawaza tu atampigia mama yake simu aseme nini. Jioni akainua macho: kila mwanaume wa ofisi ile, mpaka mzee mkubwa mwenye mvi, alikuwa na kipaketi kile kile, utepe ule ule.

Hapo ndipo alipofundishwa. Japani, siku hiyo, wanaume hawatoi kitu. Wanawake ndio wanatoa, na wanatoa chokoleti. Tena ziko za aina nyingi. Ile ya mkubwa wa kazi na wenzake inaitwa giri-choko. Giri ni wajibu, kama deni la heshima kati ya watu. Ile ya mpenzi wa kweli inaitwa honmei-choko, na wasichana wengi hawainunui tayari, wanayeyusha chokoleti na kuitengeneza kwa mikono yao. Iko pia tomo-choko, ambayo wasichana wanapeana wenyewe kwa urafiki. Kwa hiyo ukipokea unajua umepewa nini. Kaka yetu alipewa heshima, si moyo.

Kisha mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Machi, wanaume wanarudisha. Siku hiyo inaitwa White Day, yaani Siku Nyeupe. Ilianzishwa na watengenezaji wa peremende na biskuti mwishoni mwa miaka ya 1970. Watu wanasema hata kwamba mwanaume anatakiwa kurudisha mara tatu ya alichopewa. Kaka yetu alikuwa amepokea kwa wanawake wanne, basi pesa yake ya mwezi ule ilitikisika.

Sasa nani alipeleka jambo hili Japani? Hapa mimi mwenyewe nilishangaa. Katika mji huohuo wa Kobe kulikuwa na familia ya Warusi, jina lao Morozoff. Walikimbia nchi yao baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, wakapita China, wakapita Marekani, mwisho wakatua Kobe, na mwaka 1926 wakafungua duka la chokoleti. Wakimbizi kama sisi. Mwaka 1931 waliungana na Mjapani wakafanya kampuni, na mwaka 1936 kampuni hiyo ikaweka tangazo la chokoleti za Valentine katika gazeti la Kiingereza lililosomwa na wageni wa kule. Watu wengi wanahesabu tangazo hilo kuwa mwanzo, ingawa desturi yenyewe ilienea baada ya vita kuu, maduka makubwa yalipoishika. Lakini familia na mshirika wao waligombana, wakafika mahakamani, na Morozoff wakapoteza haki ya kutumia jina lao wenyewe kwenye biashara. Kampuni ipo mpaka leo na jina la wakimbizi wale. Wao walianza upya. Nadhani kuna papa fulani humu, aliyeacha butiki yake upande wa pili wa mpaka, anasoma hapa na kutikisa kichwa.

Msidhani kila Mjapani anaifurahia siku hiyo. Deni la kila mwaka linachosha. Wanawake wanatumia pesa kwa wanaume ambao hawana habari nao, juu ya kuogopa kusemwa kazini. Mwaka 2018 kampuni ya Godiva, ambayo yenyewe inauza chokoleti, ililipia ukurasa mzima wa gazeti kuwaambia Wajapani waache giri-choko. Muuzaji anamwambia mnunuzi aache!

Nimeandika haya yote kwa sababu moja. Kule deni lina jina, lina tarehe, na malipo yake ni biskuti. Kwetu zawadi haina jina. Mwanaume mwenye pikipiki anampa msichana wa miaka 15 simu, anamwambia, "Chukua tu, ni bure." Wiki mbili zikipita anarudi kudai, na hadai biskuti. Mama akiuliza simu imetoka wapi, msichana anasema ni ya rafiki. Na nyumba nyingine hawaulizi kabisa, juu ile simu inawasaidia nao. Tuseme ukweli, wazazi.

Nilipowaeleza wanafunzi habari za Kobe, wavulana walicheka, wakasema wanahamia Japani wapewe kwanza. Msichana mmoja wa nyuma akauliza polepole: "Mwalimu, na ukipokea kitu na huna cha kurudisha?" Darasa likanyamaza. Nilimjibu kwamba kitu chenyewe kinaweza kurudishwa, na asiende peke yake, aende na mtu mzima. Aliniangalia kama mtu ambaye swali lake halijaisha.

Kwa hiyo wasichana wameomba kukaa na mama zao, bila wavulana, Jumamosi kabla ya tarehe 14, saa tisa mchana, kwenye darasa la mwisho karibu na bomba la maji. Mama asiye na binti pia aje. Papa, zamu yenu ni Jumamosi inayofuata, saa ileile.