Maharagwe ya Milimani na Ardhi Yetu ya Visiwani

Maharagwe yauzwayo katika masoko ya Unguja na Pemba, kwa sehemu kubwa, huvushwa kutoka Bara. Wapo wanaouliza: sisi tunayo mvua na tunayo ardhi, mbona zao hili hatulivuni kwa wingi? Swali hili ni la haki, lakini jawabu lake halimo katika uvivu wa mkulima. Limo katika hali ya hewa.

Asili ya maharagwe ni nchi za milima, huko Mexico na Andes. Ndiyo maana hustawi Lushoto, Mbeya na Kagera, penye mwinuko wa mita 1,000 na zaidi. Huko ubaridi huchelewesha kukomaa kwa mmea, nao ukapata muda wa kujaza punje zake. Vilima vyetu havifiki hata mita 200. Joto la mchana likipita nyuzi 30, na usiku lisishuke chini ya 20, chavua hufa, maua hupukutika, na mkulima hubaki na majani mazuri yasiyo na maganda.

Milima nayo ina adha zake, kwani baridi na unyevu huleta maradhi ya ukungu. Hata hivyo, ghala la pwani lina hasara ya pili: katika joto na unyevunyevu, wadudu huzaana upesi, mbegu hupoteza nguvu ya kuota, na maharagwe yaliyokaa sana hukakamaa, yakala kuni nyingi jikoni.

Kwa hiyo twawaambia wahusika bila kificho: kumgawia mkulima wa Makunduchi au Micheweni mbegu ya milimani isiyojaribiwa visiwani ni kumtwisha hasara. Jasho lake na msimu wake havirejeshwi. Mbegu ijaribiwe kwanza hapa, vuli na masika, na wakulima wenyewe washuhudie.

Wakati huohuo, tusizidharau kunde, choroko na mbaazi. Kunde ni zao la Afrika, limezoea joto, na huvumilia hata ardhi ya mawe ya uwandani. Mbaazi za nazi zimekuza watoto wengi wa visiwa hivi. Mbegu bora, mabwana shamba na maghala makavu vielekezwe huko kwanza. Maharagwe tutaendelea kuyanunua kwa ndugu zetu wa milimani, nao wataendelea kununua karafuu zetu.