777 Si Dawa ya Seva Yako

Swali ni lilelile, kila mara kwa maneno yaleyale: "Ruhusa za faili kwenye seva zimebadilika zenyewe, tovuti haifunguki. Niweke 777?"

Hazikubadilika zenyewe. Na hapana, usiweke 777.

Linux haigusi ruhusa za faili bila kuamriwa. Kila zinapobadilika kuna programu iliyozibadilisha, kwa jina la mtumiaji fulani, saa fulani. Kwa hiyo cha kuuliza ni nani na lini. Anayeanza na "niweke namba gani" ameliruka tatizo lenyewe.

Amri ya chmod -R 777 inampa kila mtumiaji wa mashine haki ya kusoma, kuandika na kuendesha kila kitu ndani ya folda. Hatari yake kiusalama mmeshaambiwa, na bado mnaiandika. Basi nieleze lisilosemwa sana: hata kwa dharura, haitibu.

Kwanza, programu nyingi za seva hukataa makusudi faili iliyo wazi kwa wote. SSH, kwa mipangilio yake ya kawaida, ikikuta folda ya nyumbani ya mtumiaji au faili ya authorized_keys inaandikika na wengine, inaukataa ufunguo wako na unabaki nje. MySQL huipuuza my.cnf ambayo kila mtu anaweza kuiandika, ikawaka kana kwamba mipangilio yako haipo. PostgreSQL haiwaki kabisa: folda yake ya data lazima iwe 700, au 750 kuanzia toleo la 11. Ukikosea njia ukaiendesha amri hiyo juu ya /usr, alama ya setuid kwenye sudo inafutika, na bila alama hiyo sudo haifanyi kazi. Umeharibu, na chombo cha kurekebishia umekivunja kwa amri hiyohiyo.

Pili, haidumu. 777 inagusa faili zilizopo sasa tu. Faili itakayozaliwa usiku itapata ruhusa kutoka kwa programu inayoiumba na umask yake, bila kujali ulichoandika mchana. Ndiyo maana kesho yake mnarudi kusema "zimebadilika tena".

Tatu, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, inafuta ushahidi. Kila faili hubeba ctime, yaani saa ambayo yaliyomo au sifa zake ziliguswa mara ya mwisho. Amri ya stat huionyesha kwenye mstari wa Change. Mtu akibadilisha ruhusa, ctime inasogea hata kama maandishi ya ndani hayakuguswa. Ungeitazama ungekuta, tuseme, 02:00 kamili, ukafungua ratiba ya cron na kumpata mhusika papo hapo. Ukishaendesha -R 777, faili zote zinaonyesha dakika uliyobonyeza wewe.

Wahusika wenyewe ni wa kawaida mno. Fundi ameendesha composer au wp-cli akiwa root, faili mpya zimekuwa mali ya root, na www-data haiwezi kuziandika. Mstari wa create kwenye logrotate umetaja mmiliki asiye sahihi. Amri ya sed -i haihariri faili ile ile; huumba nyingine na kuipa jina la zamani, na mmiliki anaweza kubadilika hapo. Mtu amehamisha data kwa namba za watumiaji kutoka Debian, ambako www-data ni 33, kwenda Red Hat, ambako apache ni 48. Wengine wanatarajia git iwarudishie 640 zao, ilhali git hukumbuka tu kama faili inaendeshwa au haiendeshwi.

Fanya hivi. Kabla ya kugusa chochote, stat. Kisha namei -l kwa njia nzima, maana mara nyingi kosa liko kwenye folda ya juu. Ukiona alama ya + mwisho wa ruhusa kwenye ls -l, tumia getfacl. Penye SELinux, tazama ls -Z kisha restorecon. Likijirudia, tega: auditctl -w /var/www/duka -p wa -k ruhusa. Likitokea, ausearch -k ruhusa -i itakutajia programu, na auid itakutajia mtu aliyeingia mwanzo, hata kama alipitia sudo. Rekebisha hapo chanzo: endesha amri za tovuti kwa sudo -u www-data, sahihisha logrotate, weka UMask kwenye huduma ya systemd, weka 2775 kwenye folda za kazi ya pamoja. Kwa tovuti ya kawaida, folda 755 na faili 644, ukizitenganisha kwa find. Zenye nywila 640 au 600. Kama 777 imeshapita juu ya mfumo mzima, kwenye Red Hat jaribu rpm --setperms -a, halafu hakiki kwa rpm -Va. Kwingineko usihangaike na faili moja moja, rejesha seva kutoka nakala ya akiba.