Uainishaji wa Simfila: Kumtenga Mla Mizizi na Tandu

Simfila ni arithropodi wadogo wa udongoni, weupe na wasio na macho, ambao kwa kawaida urefu wao hauzidi milimita 10. Kwa Kiingereza huitwa pia tandu wa bustani. Jina hilo linapotosha, kwa kuwa tandu ni mwindaji, ilhali baadhi ya simfila hutafuna mizizi michanga ya mazao, yakiwemo mananasi. Anayewachanganya huweza kumlaumu mwindaji na kumwacha mharibifu.

Mkanganyiko huo umo pia katika historia ya taksonomia. Spishi inayofahamika leo kama Scutigerella immaculata ilielezwa na Newport mwaka 1845 katika jenasi Scolopendrella, jina lililotokana na lile la tandu, Scolopendra. Mwaka 1880, Ryder alipendekeza kundi la pekee aliloliita Symphyla. Leo simfila ni mojawapo ya ngeli nne za miriapoda, pamoja na tandu, majongoo na pauropoda.

Kigezo kinachotumiwa mara nyingi ni idadi ya miguu. Simfila aliyekomaa ana jozi 12. Hata hivyo, mtoto wake huanguliwa akiwa na jozi pungufu, na huongeza nyingine kadiri anavyoambua ngozi. Kwa hiyo, kigezo hiki peke yake hakitoshi kwa sampuli zenye viumbe wa rika mbalimbali.

Vigezo vilivyo imara zaidi ni vitatu. Kwanza, simfila hana makucha ya sumu, ambayo kwa tandu ni jozi ya kwanza ya miguu iliyobadilika umbo. Pili, mwisho wa mwili wake una jozi ya viungo vya kutolea hariri. Tatu, tundu lake la uzazi liko sehemu ya mbele ya mwili, ilhali la tandu liko nyuma. Aidha, vipapasio vyake havina matawi, tofauti na vya pauropoda.

Uainishaji sahihi huongoza pia ukusanyaji wa sampuli. Simfila hawachimbi njia zao wenyewe. Hupita katika nyufa, mianya ya udongo na mashimo ya minyoo, na hushuka chini tabaka la juu linapokauka. Hivyo basi, kutowaona karibu na uso wa ardhi si ushahidi kwamba hawapo shambani.